Mkono Ndani ya Wavu

Kaka yangu alirudi kutoka Kanada na masanduku mawili pamoja na mirija mitatu mirefu ya plastiki. Jirani mmoja aliapa kwamba ndani ya ile mirija mna bunduki. Zilikuwa fimbo za kuvulia samaki, nyepesi kama manyasi, kila moja imefungwa kwenye mfuko wake wa kitambaa.

Kwa miezi minane hazikutoka kwenye mirija yake. Kaka alikaa nyumbani kwa mama, hapa Kampemba, mjini Lubumbashi, akitengeneza friji za majirani, kazi aliyokuwa akiifanya kabla hajaondoka. Alikuwa ameishi kule miaka kumi na tisa. Alianza kwa kuosha vyombo kwenye nyumba ya wageni kando ya mto, upande wa magharibi wa nchi ile, halafu mwenye nyumba akamfundisha kuongoza wavuvi. Wageni walikuja kutoka mbali kuvua salmoni, na samaki mwingine ambaye jina lake, aliniambia, maana yake ni kichwa cha chuma. Wote wawili huzaliwa mtoni, wakaenda baharini, wakarudi kwenye mto uleule kutaga mayai. Salmoni akishataga hufa. Kichwa cha chuma yeye anaweza kurudi tena baharini. Kazi ya kiongozi ni kushika makasia, kusoma maji, na kumwonyesha mgeni mahali pa kutupa ndoana. Alikuwa akinisimulia hayo yote kwenye simu, miaka ile. Aliporudi aliacha kabisa kuyasimulia.

Sikumwuliza kwa nini. Nilidhani ni aibu ya mtu aliyerudi bila kitu, na dawa ya aibu ni kazi. Ofisi ya safari niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa nikitafuta la kufanya. Nikamwambia, "Yaya, muto Luapula iko na manda." Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, awe mwanamume au mwanamke. Manda ni samaki mwenye meno ya nje kama misumari, mkali, anayeruka juu ya maji akinaswa. "Bantu ba hapa nao banapenda kutembea. Weye utabaongoza, miye nitapanga safari."

Alikataa. Nikarudia kesho yake, na wiki iliyofuata, na mbele ya mama baada ya misa. Mwishowe alikubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino. Nayasema haya ili ieleweke kwamba safari ile ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemsukuma.

Wateja wetu wa kwanza walikuwa daktari wa meno na mke wake, mwanasheria, wote wa hapa mjini. Tuliondoka alfajiri, mwezi wa kumi, joto likiwa kali na mvua bado. Njia nzima tulipishana na baiskeli za makala, yaani makaa ya kupikia, zikielekea Lubumbashi, wenyewe wakizisukuma huku wameinama. Kasomeno, kijiji cha njiani, tulisimama tukanywa chai. Daktari alikuwa na furaha ya mtoto. Kila mara alimwuliza kaka samaki ana uzito gani, anauma vipi, anavutwa vipi. Kaka alijibu kwa maneno mawili matatu. Mke wa daktari aliniinamia sikioni akauliza, "Yaya yako iko mugonjwa?"

Nikasema amechoka na njia.

Tulilala Kasenga, mji wa kando ya Luapula. Asubuhi tulishuka ukingoni, ambapo wanawake walikuwa wakipanga samaki kwenye mabeseni na wachuuzi wakibishana. Mwenye mtumbwi alikuwa anatungoja. Nilimpata kupitia mama mmoja anayeuza samaki wakavu kwenye soko letu. Alikuwa mzee mwembamba, wa miaka sitini hivi, mwenye sauti ya chini. Mtumbwi wake ulikuwa wa mbao, mrefu, na mota ndogo nyuma.

Kaka alifungua sanduku akatoa jile tano, vizibao vya kuelea majini, za rangi ya machungwa. Akampa kila mtu moja. Daktari alivaa yake akacheka kwa jinsi tumbo lilivyombana. Mke wake aliivaa lakini hakuifunga, akasema joto litamuua kabla ya maji. Mzee aliishika yake kwa vidole viwili.

"Miye niko mu huu muto tangu niko mutoto," alisema. "Sijavala hii kintu hata siku moja."

"Leo utavaa," kaka akasema.

"Hapana."

"Basi hatutoki."

Wachuuzi waliacha kubishana. Wanawake wa mabeseni wakageuka. Kaka alikuwa amesimama mbele ya mtumbwi amepanua miguu, na sauti yake ilikuwa imepanda mpaka nikaona haya. Alimwambia mke wa daktari afunge vifungo vyote vitatu. Alimwambia mara mbili, kama askari. Mwanamke yule alinitazama mimi, si yeye, na macho yake yalikuwa yakiniuliza ni mtu gani huyu nimewaletea.

Ndipo nilipomwambia kaka, kwa sauti ya kusikika na wote, "Yaya, hapa haiko Kanada."

Watu walicheka. Mmoja akarudia maneno yangu, wakacheka tena. Kaka alinitazama, kisha akasema, "Sawa." Aliichukua jile ya mzee akaiweka chini ya ubao wa kukalia, akaingia mtumbwini.

Juu ya maji alibadilika, na hilo lilinishangaza. Alitazama mto kama mtu anayesoma barua. Alionyesha mahali mkondo wa haraka unapokutana na maji yaliyotulia, akamwambia mzee apunguze mota, akamsogeza daktari begani. "Tupa pale. Acha chambo kizame. Sasa vuta kidogo, kidogo, simama." Mara ya nne manda alikuja. Aliruka wima, akatikisa kichwa, akaitema ndoana, na daktari akapiga kelele kama mtu wa uwanjani. Kaka alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aliporudi.

"Na kule Kanada, munakulaka hii salmoni yote?" mzee akauliza.

"Salmoni wengine tunakula. Kichwa cha chuma wa mwituni tunamrudisha mu mayi."

Mzee alifikiri. "Munamuvua, kisha munamurudisha."

"Njo hivyo."

Mzee akatikisa kichwa, lakini alitabasamu, nami nikafikiri siku imepona.

Saa nne hivi daktari alinasa manda mkubwa. Mshipi ulikimbia ukilia kwenye kigurudumu, ukaelekea chini ya mto. Kaka alisema tumfuate. Mzee akasema chini kule, baada ya kona yenye matete, kuna viboko, na hapendi kufika huko.

"Kidogo tu," kaka akasema. "Tusipomufuata mushipi utakatika."

"Kidogo," mzee akakubali, akawasha mota.

Tulipita kona. Nilisikia mota ikibadilisha sauti, ikakoroma, ikazima. Mtumbwi ulisimama ghafla kwa nyuma, kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba, na daktari akaanguka magotini. Mshipi wake ulikatika. Mzee alichungulia nyuma akasema neno moja tu: "Wavu."

Ulikuwa wavu wa zamani wa nailoni, labda ulipotea mtoni tangu mvua za mwaka uliopita. Upande mmoja ulikuwa umenasa kwenye kitu kizito chini, gogo au jiwe. Upande mwingine sasa ulikuwa umejizungusha kwenye panga la mota. Tulifungwa kwa nyuma katikati ya mkondo, na maji yaliyokuwa yakitusukuma yalianza kupanda ubao wa nyuma. Mara ya kwanza yalilowesha miguu ya mzee tu. Mara ya pili yalifika kwangu.

"Songeni mbele! Bote mbele!" mzee akaamuru. Daktari na mke wake wakatambaa kuelekea mbele. Mzee alijaribu kuiinua mota, haikuinuka. Akachukua upondo akautumbukiza kupima kina, upondo ukazama wote mpaka mkononi. Akatoa kisu, akalala kifudifudi juu ya ubao wa nyuma, akaingiza mikono majini.

Ndipo mke wa daktari aliposema polepole, bila kupiga kelele, "Angalieni kule."

Vilikuwa vinne. Vichwa tu, masikio yakitikisika, mbali nasi kama urefu wa uwanja wa shule. Kimoja kilipumua kwa kishindo. Kisha kilizama, vikabaki vitatu, na hicho kilichozama ndicho kilichonitia hofu.

Mtumbwi ulipinda kidogo na mkondo. Wavu ukakazika, na mzee akatoa sauti kama mtu aliyepigwa ngumi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenaswa ndani. Kisu kilimponyoka. Akaanza kuvutwa, bega likaingia majini, kisha shavu.

Kaka alimrukia. Alimshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, akakaza miguu kwenye mbavu za mtumbwi, akavuta.

"Niache!" mzee akasema.

"Sikuachi!"

"Niache niingie! Mukono inakatika!"

Nilielewa polepole kuliko nilivyopaswa. Wavu ulikuwa ukimvuta kutoka chini na kaka akimvuta kutoka juu, na nailoni ilikuwa imeingia kwenye nyama ya kifundo chake cha mkono. Mzee alitaka kushuka majini ili wavu ulegee. Kaka alidhani anazama. Au hakudhani chochote. Nilimtazama usoni na macho yake hayakuwa hapo. Alikuwa akisema maneno ya Kiingereza, yaleyale, mara nyingi, na katikati ya maneno hayo kulikuwa na jina la mtu ambalo sikulijua.

"Yaya, mwachie."

Hakunisikia.

"Yaya! Mwachie!"

Maji yaliingia tena. Mke wa daktari alikuwa akisali kwa sauti. Kiboko kile kilikuwa hakijatokea bado.

Nilimpiga kofi kaka yangu mkubwa. Nilimpiga shavuni kwa nguvu zangu zote, kitu ambacho katika nyumba ya baba yangu hakikuwahi kufanywa na mdogo kwa mkubwa, na mikono yake ikafunguka. Alikuwa na kisu kidogo cha kukatia mshipi kinachoning'inia kifuani kwenye jile yake. Nikakivuta mpaka kamba ikakatika, nikakitia kwenye mkono wa kushoto wa mzee. Mzee aliteleza akaingia majini mzima. Kichwa chake kikapotea.

Sijui ilikuwa muda gani. Nilitazama mahali alipopotea, kisha mahali kiboko kilipopotea, kisha tena mahali alipopotea mzee. Kaka alikuwa amepiga magoti ndani ya maji ya mtumbwi, mikono yake bado iko wazi mbele yake.

Kisha sehemu ya nyuma ya mtumbwi iliruka juu. Tulikuwa huru, na tukaanza kwenda na mkondo moja kwa moja kuelekea vile vichwa vitatu. Mkono ukatokea ukashika ubao wa kando.

"Yaya, mzee!" nikapiga kelele.

Safari hii alisikia. Alimshika kwapani akamwinua kwa mara moja, kama mtu anayeinua gunia. Daktari alikuwa ameshachukua kasia moja. La pili lilichukuliwa na mke wake, jile yake iko wazi ikipepea mabegani. Alipiga magoti akapiga kasia kama aliyezaliwa Kasenga. Mimi nilichota maji kwa ndoo. Mtumbwi uligeuka polepole, polepole mno, tukaelekea matete ya upande wetu. Kiboko kiliibuka nyuma yetu, pale hasa tulipokuwa tumefungwa, kikafungua mdomo, kikafunga, kikabaki kinatutazama.

Tulifika matete. Mtumbwi ulikwama kwenye matope.

Kifundo cha mzee kilikuwa na pete nyekundu iliyozunguka pande zote, na vidole viwili vya mwisho havikukunjika. Mke wa daktari alichana kilemba chake akamfunga. Mzee alimtazama kaka kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu asubuhi.

"Nilikuambia uniache. Ulitaka mukono yangu itoke?"

Kaka alikaa kwenye matope, akasema, "Ule mwingine nilimwachia."

Alitueleza hapo hapo, kwa Kiswahili, akitafuta maneno kwa sababu jambo lile hakuwahi kulisema kwa lugha hii. Miaka miwili nyuma, msimu wa baridi, alikuwa na mteja mmoja, mstaafu, aliyekuja kwake kila mwaka. Kichwa cha chuma huvuliwa watu wakiwa wamesimama ndani ya mto, maji magotini, na mto ule ni wa barafu iliyoyeyuka. Yule mzungu aliteleza juu ya jiwe. Kaka alimdaka mkono wa koti. Alimshika, mkondo ukamvuta, koti likawa linateleza.

"Nikafungua vidole," kaka akasema. "Nilifungua ili nimushike vizuri zaidi."

Walimpata kesho yake, mbali chini. Jile yake ilibaki garini. Alisema inambana anapotupa ndoana, na kaka hakutaka kubishana na mteja wa zamani. Watu wa serikali walichunguza wakasema si kosa la kiongozi. Kwenye mazishi mke wa marehemu alimshika mkono, hakumwuliza kitu.

Nilikumbuka nilichosema ukingoni, na wale watu walivyocheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee aliushika mkono wake. Halafu akasema, "Ningelivala ile kintu yako leo, singelifika chini."

"Ni kweli," kaka akasema.

"Lakini ningelianguka nikiwa na usingizi wa pombe, ingelinisaidia." Akatazama mto. "Ile samaki ya kichwa ya chuma. Iko namna gani?"

Kaka alionyesha kwa mikono urefu wake. Alieleza rangi ya fedha inapotoka baharini, na mstari mwekundu ubavuni inapokaa mtoni. Sauti yake ilitulia kadiri alivyoeleza. Mzee aliuliza inakula nini, kama inaruka, kama nyama yake ina miiba. Waliendelea hivyo mpaka mtumbwi mwingine ulipopita karibu, tukaupungia, ukatuvuta mpaka Kasenga.

Nyumbani nilimweleza mama kila kitu. Kuhusu kiboko alishukuru Mungu. Kuhusu kofi alininyamazia siku nzima. Jioni nikaenda kwa kaka, nikapiga magoti mlangoni kama inavyotakiwa, nikamwomba msamaha wa mambo mawili, kofi na yale maneno ya ukingoni.

"Ya kofi ulichelewa," akasema. "Ungenipiga mapema." Kwa yale ya ukingoni hakujibu, nami nadhani alikuwa na haki ya kutojibu.

Sikutarajia tungerudi. Lakini mvua zilipokwisha, mke wa daktari ndiye aliyenipigia simu. Alitaka kuvua yeye mwenyewe, mume wake abaki na kasia. Kaka aliweka masharti yake nyumbani, si ukingoni: mgeni akikataa kufunga jile hatoki Lubumbashi, na neno la mzee juu ya mahali pa kufika halijadiliwi. Mzee naye alikubali kuvaa yake, isipokuwa akilazimika kuingia majini. Vidole vyake viwili havikupona sawasawa. Kisu sasa anakishika kwa mkono wa kushoto. Mke wa daktari alipata manda wawili siku hiyo, tukawala Kasenga na bukari, ugali wa kwetu, tukitoa miiba mdomoni muda wote.

Baada ya safari hiyo kaka alipiga simu Kanada. Ilikuwa jioni, kwao kule ni asubuhi. Alitoka uani, akasimama karibu na kamba ya nguo, akampigia mjane wa yule mteja wake. Mimi nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Kiingereza sikijui, kwa hiyo nilisikia sauti tu: yake, kisha kimya, kisha yake tena, ndefu, kisha kimya kilichozidi vyote. Wakati mmoja aliinama akashika magoti. Nikasimama, mama akaniashiria nikae.

Alipomaliza alibaki pale na simu mkononi mpaka kioo chake kikazima. Halafu akaja akakaa nasi kwenye kibao.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Nilimwambia nilivyofungua vidole. Akaniuliza kama mume wake alisema neno. Nikamwambia alisema jina lake, la yeye mke." Akapangusa uso kwa mkono. "Akanishukuru. Kisha akaniomba nisimpigie tena."

Mama alimsogezea kikapu cha majani. Kaka akachukua fungu, akaanza kuchambua.